Kirusi Kisicho na Koti

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni pa maabara. Nafasi ya msimamizi wa friji la sampuli iko wazi. Mtahini anatoka makao makuu, mtihani ni Jumatatu ijayo. Somo: kuainisha virusi vinavyoletea watu maradhi, kwa umbo na kwa vinasaba. Nililisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nikaona mstari wa chini. Msaidizi aliyekwisha kufeli mara mbili anapewa nafasi ya mwisho. Akifeli tena atahamishiwa kitengo cha kufulia mashuka.

Maabara nzima ina msaidizi mmoja tu aliyefeli mara mbili. Wangebandika picha yangu, waokoe wino.

Miaka kumi na tisa nimeosha chupa za maabara hii. Nimebandika lebo, nimebeba sampuli za kila namna, ashakum si matusi. Friji lile nalijua kwa mlio. Leo nikafue mashuka? Haiwezekani.

Mpinzani wangu ana miaka miwili tu kazini. Tunamwita Kamusi, kwa sababu ukimuuliza neno moja anakupa ukurasa mzima. Mchana alinifuata akasema tusome pamoja, atanisaidia sehemu zinazonipiga chenga. Nikamshukuru na kukataa. Mtu mwema kiasi hicho lazima ana lake jambo.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alisema jambo la maana ni kusoma. Huyu mwanamke ananiamini bado, sijui kwa ushahidi gani, na mimi sitaki kumwangusha mara ya tatu. Mama mkwe, mkunga mstaafu aliyekuja kututembelea kwa wiki moja, wiki tano zilizopita, aliuliza huko kwenye kufua kukoje. Akasema angalau kuna sabuni ya kutosha. Nikaacha maneno yapite.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kitabu. Mambo si magumu kama wanavyotishia watu.

Kirusi ni kitu kidogo ajabu. Ndani kina maandishi yake ya urithi, ama DNA ama RNA, kamwe si yote mawili. Maandishi yenyewe ni uzi mmoja au nyuzi mbili. Uzi umefungwa ndani ya ganda la protini. Maganda mengine yana pande ishirini kama mpira wa kushonwa, mengine yamejiviringisha kama springi. Juu ya ganda, virusi vingine vina utando mwembamba, mimi nauita koti. Vingine havina koti, viko hivyo hivyo.

Maelezo ya lile koti yako ukurasa wa arobaini na mbili. Ukurasa wa arobaini na mbili umegandana na wa arobaini na tatu, kwa chai aliyoimwaga Kitinda, mwanangu wa mwisho, mwenye miaka minne na mikono kumi. Sikuhangaika kuzibandua. Koti ni koti. Mtu mzima haelezwi koti. Mwenye koti anastahimili, asiye na koti baridi inamuua. Nikaendelea ukurasa wa arobaini na nne.

Tatizo ni kukumbuka. Nikapata mbinu, na nasema bila majivuno kwamba ni mbinu ya mtu mwenye kipaji. Kila kirusi nakipa ndugu mmoja. Surua ni shangazi: RNA, uzi mmoja, ana koti, na akiingia nyumba moja asubuhi mtaa mzima umepata kabla ya adhuhuri. Tetekuwanga ni mjomba: DNA, ana koti, unadhani ameondoka kumbe amejificha, anarudi baada ya miaka thelathini akiwa mkanda wa jeshi. Mafua makali ni shemeji: RNA iliyokatwa vipande vinane, ana koti, kila mwaka anakuja na hadithi mpya. Kichaa cha mbwa ni jirani wa mbele, umbo la risasi, sababu anaijua mwenyewe na mbwa wake.

Ilibaki noro, kile kirusi cha kutapika na kuharisha. RNA, uzi mmoja, pande ishirini, hakina koti. Kikiingia ndani ya nyumba hakuna anayekaa kitako. Sikuhitaji kufikiri sana. Nikaandika kwa herufi kubwa na kubandika karatasi nyuma ya mlango wa choo, mahali mtu anapopata utulivu wa kusoma.

Jumatano, 5 Machi

Sikukumbuka kwamba choo ni cha watu wote.

Karatasi ilisema: MAMA MKWE. HANA KOTI. HANA CHOCHOTE JUU. PANDE ISHIRINI. Mama mkwe aliisoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa moja kasoro robo nilikuwa nimepiga magoti sebuleni.

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, kwa upole wa mtu anayeuliza bei, ni lini mkwe wake alimwona bila nguo, na alihesabuje hizo pande. Mke wangu alifunika uso kwa kanga. Kitinda alitaka kujua pande ishirini ni nyingi kuliko kumi.

Nilieleza kwamba si yeye, ni kirusi cha kuharisha. Nilipoona nyuso zao nikajua nimejipalia makaa. Mama mkwe akasema huyo anamfahamu. Alipambana naye miaka thelathini wodini. Haogopi cheo wala manukato. Anaogopa sabuni, maji mengi na kusuguliwa, na sakafuni dawa ya klorini. Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Wazee wana mambo yao. Kitu hakina hata koti, unakisugua cha nini?

Nimesamehewa kwa sharti la kuchota maji wiki nzima. Karatasi imechomwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mtahini amefika. Mama wa makamo, mfupi, miwani ya kamba. Amekagua maabara nzima akipitisha kidole juu ya kila rafu. Kwenye friji alisimama muda mrefu. Alisifu lebo zangu, kwamba mwandiko unasomeka. Nilimtazama Kamusi. Yeye alikuwa anaandika kitu.

Wakati wa chakula Mtahini alikaa kantini mbele ya sahani, akageuza chakula kwa uma kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Akaacha. Hapo ndipo wazo lilinijia. Mtu aliyekula kwako akashiba hawezi kukufelisha, tumbo lenyewe litamsuta. Nikamfuata, nikamkaribisha nyumbani chakula cha mchana Jumamosi. Mke wangu ni mpishi, na mama yake ndiye aliyemfundisha.

Mtahini alifurahi. Kisha akasema haki itendeke, waalikwe watahiniwa wote. Kamusi, meza ya jirani, akasema atashukuru sana. Nimeuma meno mpaka sasa taya linauma.

Ijumaa, 7 Machi

Kitinda amerudishwa kutoka shule ya watoto saa nne asubuhi. Ametapika mara tano. Na upande wa pili hali ni hiyo hiyo. Mwalimu anasema nusu ya darasa wako hivyo. Mama mkwe alimpeleka kliniki, wakampa maji ya chumvi na sukari, wakachukua sampuli. Mtoto amelala, anaendelea vizuri kidogo. Nilikaa karibu yake nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyokumbuka.

Mke wangu alisema tuahirishe wageni. Nikakataa katakata. Chakula cha Jumamosi ndicho mtihani wenyewe, wa Jumatatu ni kusaini tu. Nikaahidi nyumba itakuwa safi kuliko chumba cha upasuaji.

Nilikuwa nimejiandaa. Chini ya kabati nina chupa mbili kubwa za spiriti kutoka maabara, nimeziazima bila kumsumbua mtu kwa maombi. Nikafuta sakafu kwa spiriti. Vitasa vya milango, spiriti. Meza, viti, vikombe, spiriti. Nyumba ikanuka kama sindano. Nilifuata sayansi: maradhi ya namna hii ni ya vile visivyo na koti. Kama spiriti inawaua wenye makoti mazito, hawa walio uchi itawafanyaje? Watakufa kwa harufu tu.

Mama mkwe alikuwa uani anachemsha mashuka ya mtoto, ndoo ya klorini pembeni, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Akaniuliza kama nimenawa kwa sabuni. Nikamwonyesha chupa. Akaitazama, akanitazama, akarudi kwenye povu lake. Nilimhurumia. Elimu ni bahari.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi!

Mtahini alifika saa saba kamili. Nilikuwa mlangoni na chupa. Mke wangu alikuwa ameweka beseni, birika na sabuni mezani, nikayaondoa mwenyewe, yanaonekana ya kizamani mbele ya mtu wa makao makuu. Nikammiminia Mtahini spiriti viganjani. Alikunja paji la uso kidogo, nadhani ni kwa kuvutiwa.

Mama mkwe alipika, na vyakula vyote vilikuja mezani vikifuka moshi. Lakini matunda nilikata mimi. Nilitaka mkono wangu uonekane. Nilikuwa nimetoka kumbadilisha Kitinda nguo, nikajipaka spiriti mara mbili, nikakata mapapai mawili na nanasi. Nikapanga vipande kwa mviringo, pande ishirini, ili Mtahini aone kwamba hata matunda ya nyumba hii yameainishwa. Alicheka. Alikula vipande tisa. Nilihesabu.

Kamusi alichelewa. Mnyororo wa baiskeli ulikatika njiani, alifika mikono yote grisi nyeusi. Nikammwagia spiriti, grisi haikutoka, ikasambaa tu. Mama mkwe akamshika kifundo cha mkono kama mtoto, akampeleka uani, akamsugua kwa sabuni na maji ya ndoo muda wa kutosha mtu kukariri nasaba yake yote. Nilimwomba radhi Mtahini kwa ushamba huo. Kamusi aliporudi matunda yalikuwa yamekwisha. Alikula wali wa moto tu, maskini, nami sikumwonea huruma hata chembe.

Wakati wa kuondoka Mtahini alinishika mkono akasema hatausahau mlo huu. Nimeandika maneno hayo kama yalivyo.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amelala tangu alfajiri na ndoo pembeni. Anasema ni matunda. Nilimwambia ni uchovu wa wageni, alijitolea sana jana.

Mimi ni mzima wa afya, ila matunda sikuyaonja kwa kuhudumia wageni. Mama mkwe pia, ila huyo ni wa enzi zile. Jioni nilipita nyumba ya wageni ya hospitali kumjulia hali Mtahini, ili asinisahau kabla ya kesho. Mhudumu wa pale alisema mgeni hatoki chooni tangu saa tano na ameomba asisemeshwe.

Ni kazi ya kusafiri. Inachosha tumbo.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani umeahirishwa mpaka Jumatano. Mtahini bado yuko kitandani. Dereva wake, niliyempelekea garini kisahani cha matunda Jumamosi kabla hayajaisha mezani, naye yuko chali.

Leo zimeingia sampuli nane. Sita za watoto wa ile shule, Kitinda akiwemo, zimetoka kliniki. Moja ya dereva. Moja ya Mtahini. Mimi ndiye niliyebandika lebo zote, kwa mwandiko wangu ule ule uliosifiwa Alhamisi. Mkuu wa maabara akaziingiza kwenye mashine inayosoma vinasaba. Mchana majibu yakatoka: noro, zote nane.

Mkuu wa maabara alisimama katikati ya chumba akasema hili si la kunyamazia. Keshokutwa tutalinganisha sampuli moja baada ya nyingine, tujue kirusi kimetoka wapi na kimefikaje kwa mgeni wa hospitali. Akaniambia nizipange zote rafu ya tatu, pamoja na virusi vya RNA visivyo na koti.

Sampuli ya Kitinda ina tarehe ya Ijumaa na jina la nyumba yangu. Ya Mtahini ina tarehe ya Jumapili. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuhesabu siku iliyo katikati.

Nikafikiri haraka. Kuitupa sikuthubutu. Ni sampuli, na ni ya mwanangu, na miaka kumi na tisa sijapoteza hata moja. Basi niliificha tu. Saba nikaziweka rafu ya tatu. Ya Kitinda nikaisukuma rafu ya kwanza, ndani kabisa ya sanduku la mafua, katikati ya wenye makoti. Nani atamtafuta mtu aliye uchi katika duka la makoti?

Nyumbani mama mkwe aliniuliza kama maabara wamejua ugonjwa wa mtoto. Nikasema bado wanachunguza. Akasema mficha maradhi kilio humuumbua. Sijui alitaka kusema nini.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa nimetulia. Kwanza asubuhi. Mke wangu, ambaye jana tu ndipo aliweza kusimama, aliamka mapema akanipigia pasi koti langu jeupe la maabara. Alinyoosha kola mara mbili, akanifunga vifungo mwenyewe kama siku ya harusi. Nilisikia uchungu. Nilitaka kumwambia habari ya matunda. Lakini muda ulikuwa umekwenda.

Mtahini alikuwa amekonda, miwani imemlegea. Swali la vitendo lilikuwa hivi: kila mtahiniwa ana dakika kumi mbele ya friji, Mtahini amehamisha sampuli moja mahali pasipostahili, itafute na ueleze kwa nini haistahili.

Kamusi alitangulia. Dakika nne akatoka na vichupa viwili. Cha kwanza tetekuwanga, DNA, kimekutwa kati ya RNA. Cha pili noro, uzi mmoja wa RNA, pande ishirini, hakina koti, kimekutwa katika sanduku la virusi vya mafua, ambavyo vina koti na vimekatwa vipande vinane.

Mtahini akavua miwani. Akasema yeye alihamisha kimoja tu.

Mkuu wa maabara akakichukua kile cha pili, akasoma lebo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mwandiko unasomeka, hilo kila mtu alikubali.

Sikuulizwa kitu wakati ule. Waliniambia niingie kwenye zamu yangu. Mtahini alikuwa amerudisha kichupa chake cha tetekuwanga mahali pale pale pasipostahili. Katika dakika kumi sikukiona, ila nilisahihisha vichupa vitatu vilivyokuwa sawa.

Kisha maswali ya mdomo. Mtahini aliniuliza ni virusi vipi vinavyodumu zaidi nje ya mwili, vyenye koti au visivyo na koti. Nikajibu vyenye koti, na nikatoa mfano wa mtu wa kawaida msimu wa baridi. Akaniuliza Jumamosi mlangoni kwangu nilimpaka nini mikononi.

“Spiriti, mheshimiwa.”

“Na noro kina koti?”

“Hakina.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo kilikufa.”

Alijishika tumbo kwa mkono mmoja. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa habari mbaya. Lile koti ni la mafuta. Spiriti na sabuni vinayayeyusha mafuta, na kirusi chenye koti likivunjika koti lake kimekwisha. Kisicho na koti hakina mafuta ya kuyeyushwa. Kina ganda gumu tu, kinakaa juu ya kitasa cha mlango siku nyingi, na spiriti hakiijali sana. Dawa yake ni kusuguliwa kwa sabuni na kusukumwa na maji mpaka kiondoke mkononi, na mahali pengine klorini. Akasema maelezo haya yako katika kitabu cha kila msaidizi, ukurasa wa arobaini na mbili.

Nikamwambia kwa heshima kwamba toleo langu halina ukurasa huo.

Mkuu wa maabara naye akakumbuka kuuliza hiyo spiriti ya Jumamosi ilitoka duka gani.

Ijumaa, 14 Machi

Matokeo. Kamusi tisini na mbili. Mimi ishirini na tatu. Mwaka juzi nilipata ishirini, mwaka jana ishirini na moja. Ninapanda, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Ninaanza kufua Jumatatu. Spiriti nitairudisha, chupa zile ambazo hazijafunguliwa, yaani hakuna. Nikavua koti jeupe mbele ya wote, nikalikunja, nikaliweka mezani kwa Mkuu wa maabara. Miaka kumi na tisa. Kamusi akaja kunishika mkono, akasema alipokiona kile kichupa hakujua ni cha mtoto wangu, angejua angekuja kuniambia kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumchukia lakini nilikuwa nimechoka.

Nyumbani nilisema yote. Matunda, kichupa, spiriti. Mke wangu aliketi kitandani, akatazama pasi iliyokuwa bado juu ya meza. Halafu akasema kilichomuuma si kufua. Kufua ni kazi. Kilichomuuma ni kwamba alilala siku mbili akitapika nami nikamwambia ni uchovu. Nimekaa uani mpaka giza likaingia.

Mama mkwe alinifuata na kikombe cha chai. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilidhani atanipa vidonge vyangu. Akasema tu, mkwe wangu, wewe si ulisoma kwamba wasio na koti ndio hawafi upesi? Utadumu. Kunywa chai.

Wema wake uliniuma kuliko maneno makali.

Jumamosi, 15 Machi

Mkuu wa maabara na Mtahini wamekuja nyumbani. Nilidhani wamebadili mawazo. Nikavaa viatu.

Walikuja kumwona mama mkwe. Kamusi aliwasimulia yule bibi wa povu, kwamba kati ya waliokaa meza ile yeye na mama mkwe walinawa kwa sabuni, na ukinitoa mimi ndio pekee waliobaki wima. Wanamwomba awafundishe wahudumu wa wodi zote kunawa mikono, mara mbili kwa wiki. Mama mkwe akasema atafikiria, akakubali kabla hawajamaliza chai. Mtahini alitoa mfuko. Akasema mkufunzi lazima avae sare, na hii ilikuwa imekaa bure maabara, safi, imepigwa pasi vizuri sana.

Lilikuwa koti langu. Limemkaa kuliko lilivyonikaa mimi.

Mke wangu alicheka. Ni mara ya kwanza wiki hii. Akaingia jikoni akicheka, na nikasikia bado anacheka huko.

Mama mkwe hataondoka tena. Ana kazi sasa.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya pili ya kufua. Nimekwisha kuona kasoro kubwa za kitengo hiki, na kwa nini wamekaa muda mrefu bila mtu wa sayansi. Kuna katoni arobaini za sabuni. Arobaini! Wafuaji wanasugua mpaka vidole vinakunjamana. Jana asubuhi yaliletwa mashuka ya wodi ya watoto wanaoharisha. Mkuu wa wafuaji akaniletea glovu, sabuni na klorini. Nikamwambia ajitulize. Nikatoa kichupa changu kidogo cha mfukoni, nikayafunua mashuka kwa mikono mitupu, nikanyunyiza.

Nimefikiria sana maneno ya Mtahini. Alikuwa mgonjwa siku ile, na mtu mgonjwa huchanganya mambo. Naandaa pendekezo la kurasa tatu: hospitali iache sabuni, inunue spiriti. Likikubaliwa hawatakuwa na budi ila kunirudisha maabara, labda juu ya Kamusi. Sijamwambia mke wangu. Nataka iwe zawadi.

Kitabu nacho nimekipatia kazi. Meza ya uani ilikuwa inayumba, nimekisukumiza chini ya mguu mmoja. Kurasa zake zilizogandana zinafaa kabisa kwa unene.

Orodha ya ndugu nayo nimeisahihisha, kichwani tu safari hii. Mama mkwe sasa ana koti. Kwa hiyo kwa hesabu zangu ndiye atakayedumu, na mimi ndiye wa kufa upesi. Hainisumbui. Nitapata koti jingine.

Tumbo linaunguruma tangu saa nane. Ni njaa tu. Nimejipaka spiriti mikononi mara tatu, na kidogo kitovuni kwa uhakika. Naandika nikiwa nimesimama mbele ya mlango wa choo, kwa sababu mama mkwe yuko ndani. Nimegonga mara nne. Anajibu kwa upole kwamba nivumilie, ametoka kufundisha wodi mbili, na bado hajamaliza kusugua kati ya vidole.